Mjapani alihesabu kilo 55 kwa mtu

Kila asubuhi, kabla mke wangu hajanisemesha, mwanamke mwingine ananisemesha Kijapani. Nageuza ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, na sauti yake inatoka mahali fulani chini ya usukani, laini na yenye adabu. Nilikaa miezi saba nikidhani ananikaribisha. Siku moja mteja aliyewahi kuishi kule akacheka mpaka akashika tumbo: kumbe anasema kadi haijaingizwa. Kwao barabara kuu hulipiwa bila kusimama. Kikasha kidogo ndani ya motokari kinasoma kadi, na kadi isipokuwemo, mama huyo analalamika. Sisi hapa Lubumbashi, Kongo, peaji (ushuru wa barabara) ya njia ya Likasi tunalipa kwa mkono, dirisha likiwa wazi. Mtoto wangu wa mwisho humjibu kila siku, “Aksanti mama,” na kwa ajili yake sijaukata ule waya, ingawa ni kazi ya dakika tano.

Motokari yenyewe ni Toyota Corolla Fielder ya 2003, moteri (injini) ya 1500, ile yenye mgongo mrefu. Mimi ni fundi, garaji yangu iko Katuba, chini ya mwembe, na hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza: Papa, ninunue motokari gani ya familia, isiyonimaliza pesa? Swali hilo nalijibu upesi. Ist, Fielder, Spacio, Probox, chagua inayokaa watu wako. Nyingi kati ya hizo zina moteri za ukoo mmoja, zinazozungushwa na mnyororo badala ya mkanda, na vipuri vyake hapa Lubumbashi utavipata kabla chai yako haijapoa. Jambo moja tu: ukiona Fielder ya umbo jipya, lililoanza 2006, uliza kama giaboksi yake ni ile isiyo na gia za hatua kwa hatua, maana ile inataka mafuta yake peke yake. Ukiitilia mafuta ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyo dukani, utaizika.

Tatizo la wateja wangu haliko kwenye jina la motokari. Liko hapa: hiyo motokari imeishi maisha mazima kabla ya kukufikia. Iliundwa kwa ajili ya maisha yale, na imekuja na desturi zake kama bibi harusi aliyeolewa mbali. Usipomwonyesha jiko liko wapi, mtagombana.

Anza kwa kusoma karatasi zake. Sisemi zile za forodha. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango, kisha fungua boneti utazame ukingoni. Mara nyingi kuna kibandiko kidogo cha garaji ya Japani kinachoonyesha tarehe ya mwisho ya kubadilisha mafuta na kilomita za siku ile. Wauzaji wengi hawakibandui kwa sababu hawawezi kukisoma. Mzee mmoja aliniletea Noah yake, akaniita nione kibandiko: 19.11.3. “Unaona, fundi? Mwaka wa 2019. Balikuwa banaitunza.” Nikamwomba asubiri kidogo. Wajapani huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na mara nyingi mwaka wenyewe huhesabiwa kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unaongeza 1988 juu ya namba unayoiona. Heisei 19 ni 2007. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, hiyo unaiongezea 2018. Motokari ya mzee ilitoka kiwandani kabla ya 2007, na kibandiko kilikuwa kimechakaa kama yenyewe. Lakini kilichonifanya ninyamaze ilikuwa namba ya chini: kilomita 87,400. Dashibodi ilionyesha 62,000 na kidogo. Motokari ilikuwa imerudi ujana.

Hakurudisha, hakugombana na aliyemwuzia. Alikaa kwenye benchi langu, akanywa maji, kisha akaniuliza kama moteri ni nzima. Ilikuwa nzima. Basi tukaanza hesabu upya, tukachukua kila kitu kama cha motokari iliyozeeka, tukabadilisha. Ndivyo ninavyowashauri wote: kilomita za dashibodi ni hadithi ya muuzaji. Raba ya pedali ya freni, ngozi ya usukani upande inaposhikwa sana, na ukingo wa kiti cha dereva vinasema ukweli zaidi. (Tena angalia jeki na pine (tairi) ya akiba. Kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Tunduma, kuvuka Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani kwetu, ni mbali, na vitu hivyo viwili vina tabia ya kuchoka njiani vikashuka.)

Sasa tuje kwenye kulia na kushoto. Kongo tunaendesha kulia. Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani wao uko kulia, nasi tumeununua hivyo hivyo. Kila mtu anajua shida ya kupita lori. Uko nyuma ya roli la shaba kwenye barabara ya Likasi, umekaa upande wa mtaro, huoni chochote isipokuwa turubai. Dawa ni kukaa mbali nalo, mita arobaini au hamsini, ili uone upande wa kushoto bila kutoa pua. Wengi hutumia macho ya abiria. Mimi mke wangu akisema “pita,” nangoja kwanza. Simdharau, ila yeye haendeshi, na hajui Fielder hii ikishiba watu inachukua muda gani kuamka.

Kuna mambo mawili ambayo watu hawayafikirii, na kwa familia ni makubwa kuliko hilo la lori.

La kwanza ni mlango wa watoto. Ukisimama kando ya barabara hapa kwetu, ukingo uko kulia. Wewe dereva unashuka vizuri upande wa nyasi. Mtoto aliyekaa nyuma ya kiti cha abiria, upande wa kushoto, anafungua mlango akiingia katikati ya pikipiki. Japani mlango huo ndio wa ukingoni, ndio salama. Hata zile basi ndogo zenye mlango mmoja wa kuteleza, mlango wao uko kushoto kwa sababu hiyo hiyo, na hapa zinawamwaga watu barabarani. Fungua mlango wa nyuma wa kushoto, angalia ubavu wake chini ya kitasa cha kufuli. Kuna kijiti kidogo cha plastiki. Kishushe. Kuanzia hapo mlango hauwezi kufunguliwa kutoka ndani, ila nje tu. Wa kulia uache. Watoto wangu watatu sasa wanajua kwamba Fielder ina mlango mmoja tu wa kutokea, na wanapigania kukaa karibu nao.

La pili ni taa. Hapa nitachukua nafasi, kwa sababu sijaona mteja hata mmoja aliyekuja mwenyewe kulalamikia jambo hili, lakini wote wanalalamikia taa za wenzao.

Taa fupi hazimwagi mwanga sawasawa. Simamisha motokari jioni mbele ya ukuta, mita tano hivi, uwashe taa fupi, kisha ushuke utazame. Utaona mstari: chini mwanga, juu giza. Ukiwa umeuelekea ukuta, upande mmoja mstari umelala kama maji, upande mwingine unapanda kama mgongo wa paa la nyumba. Upande unaopanda ndio unaotazama ukingo wa barabara, ili dereva aone mtu anayetembea kwa miguu na alama za njia. Uliolala ndio unaotazama wanaokuja, ili usiwapige machoni. Kwenye motokari ya Japani unaopanda ni wa kushoto. Sasa ilete Lubumbashi: kushoto ndiko wanakotoka wenzako. Kila unapokutana na mtu chaussée de Kasenga usiku, hata ukiwa na adabu zako zote na taa fupi, unammulika usoni, na mtu anayetembea kulia kwako, mama mwenye beseni kichwani, unamwacha gizani.

Dawa kamili ingekuwa kununua taa za motokari ya usukani wa kushoto, lakini Fielder hii ya Japani sura yake ya mbele si sawa na Corolla zilizouzwa kwingine, na taa yenye vishikio tofauti haiingii hata ukiibembeleza. Ninachofanya ni hiki. Nawasha ukutani, nachukua karatasi nyeusi, naisogeza polepole juu ya kioo cha taa mpaka ule mgongo wa paa ufe na mstari ulale. Naweka alama mahali pale, nabandika utepe mweusi unaovumilia joto. Kisha nageuza skrubu ya nyuma ya taa, nashusha mwanga kidogo. Unapoteza mwanga kiasi, ndiyo. Na tafadhali, usije ukaniambia kwamba kwa sababu umepoteza mwanga umenunua balbu za LED zenye mwanga wa buluu zinazouzwa kandokando ya barabara. Kioo kilichoundwa kwa balbu ya kawaida kikipewa ile hutawanya mwanga kila upande, hata juu ya miti.

Redio nitaisema kwa mstari mmoja tu: ya Japani inaishia karibu na 90, vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, kwa hiyo ama ununue kifaa cha kuhamisha masafa ama uzoee kuimba.

Turudi kwenye moteri, maana ndiko pesa inakofia.

Mwezi wa 6 mwaka jana alikuja mama mmoja na Ist yake. Asubuhi ya baridi yetu ile, watu wamevaa makoti. Hakushuka, aliniambia kupitia dirishani, “Papa, banasema moteri imekufa.”

“Nani anasema?”

“Fundi wa karibu na nyumba. Anataka kufungua kichwa.”

Nikafungua kifuniko cha mafuta. Chini yake kulikuwa na kitu kama mtindi, cheupe chenye umanjano, kimeshikilia kama uji uliolala. Fundi yeyote akiona hivyo anafikiria gasketi ya kichwa cha moteri imeungua na maji yameingia kwenye mafuta. Mimi pia ndiyo fikra yangu ya kwanza. Lakini nilitoa kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yalikuwa meusi na safi, hayana maziwa. Maji ya radiateri yalikuwa yamejaa mpaka juu. Nikawasha, nikaacha kifuniko cha radiateri wazi wakati bado ni baridi: hakuna mapovu. Nikamwuliza motokari inafanya kazi gani.

“Masomo, soko, kanisa.”

“Umbali gani?”

Akafikiri. “Yote haifike kilomita tatu.”

Hapo ndipo penye ugonjwa. Esanse (petroli) ikiungua huzaa maji. Watu hawaamini, lakini kila lita ya esanse inayoungua inatoa karibu lita nzima ya maji, kama mvuke. Mwingi unatoka kwenye bomba la moshi. Kidogo kinapenya pembeni ya pistoni na kuteremkia kwenye mafuta, pamoja na esanse kidogo ambayo haikuungua, kwa sababu moteri ya baridi hulishwa esanse nyingi. Motokari ikienda mbali, mafuta yanapata moto na vyote hivyo vinageuka mvuke na kuvutwa tena kuchomwa. Ikienda kilomita tatu asubuhi ya mwezi wa 6, na kuzimwa, moteri haijafika hata joto la kufungua termostati (valvu ya maji ya kupoza moteri), ambalo ni kama digrii 82. Mvuke unapoa, unageuka matone kwenye kitu cha baridi kuliko vyote, yaani kifuniko, na unachanganyika na mafuta. Huo ndio mtindi.

Nilimtoza mama yule bei ya kubadilisha mafuta, basi. Nikamwambia Jumamosi aende nayo mpaka Kipushi na kurudi, bila haraka, akanunue mboga. Kilomita sitini hivi. Aliporudi kunionyesha, kifuniko kilikuwa kikavu. Yule fundi mwingine simlaumu sana. Angefungua kichwa, angekuta gasketi nzima, angeifunga mpya, na mafuta mapya yangeonekana safi kwa wiki tatu, na angesema unaona.

Kwa hiyo ninapinga ile fahari ya “motokari yangu haiendi mbali, bado mpya.” Motokari ya familia inayopeleka watoto masomoni Katuba, mama kwenye soko la Kenya (wasomaji wa mbali, Kenya kwetu ni komine, yaani sehemu ya jiji, jirani wa Katuba, hatuvuki mpaka), inakufa upesi kuliko inayokwenda Likasi na kurudi kila siku. Mafuta yake yabadilishwe kwa kalenda, siyo kwa kilomita: mimi kila miezi minne, hata kama dashibodi inaonyesha 2,000 tu. Moteri hii inachukua karibu lita 3.7 ukibadilisha na chujio. Nunua bidoni (dumu) ya lita tano, na kinachobaki weka nyuma uongezee. Batri nayo hivyo hivyo. Kuwasha moteri kunakula umeme, na dakika sita za njia hazitoshi kuurudisha. Ukipima asubuhi kabla ya kuwasha, volti 12.6 ni shibe, 12.2 ni nusu. Wateja wengi wa mwezi wa 6 na wa 7 wananiletea batri “mbovu” ambayo ina njaa tu.

Njaa nyingine ni ya tangi. Sisi tunanunua esanse kama chumvi, kidogo kidogo, ya leo ni ya leo. Naelewa, mfuko ndio unaoamua. Lakini pampu ya esanse kwenye motokari hizi imo ndani ya tangi, na esanse yenyewe ndiyo inayoipoza. Ukiishi na taa ya njano mwaka mzima, pampu inafanya kazi kichwa nje, inapata moto, tena inavuta kile kilicholala chini. Mwezi uliopita nilifungua ya jirani yangu. Unainua kiti cha nyuma, kuna kifuniko cha bati, huhitaji kushusha tangi. Kile kichujio cha mdomoni, ambacho kikiwa kipya ni cheupe, kilikuwa na rangi ya ukuta wa tofali, na nilipokikamua ulitoka udongo mwembamba unaoteleza kati ya vidole kama unga wa mhogo. Ushauri wangu ni mdogo: kama unaweza kununua lita tano kila siku, unaweza mara moja, mwezi ukianza, kuijaza robo ya tangi na kuihesabu hiyo robo kuwa ndiyo sifuri yako. Baada ya hapo endelea na lita tano zako. Na ukilazimika kununua kwenye bidoni ya njiani, mimina kwanza kwenye chupa ya kioo, ngoja robo saa. Maji ni mazito, yatakaa chini, utayaona. Kitambaa hakizuii maji.

Vumbi la kiangazi kila mtu analijua, chujio la hewa la moteri lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, yatosha. Ila kuna chujio la pili ambalo wenye motokari nyingi hawajui kuwa wanalo: la hewa mnayopumua. Liko nyuma ya kile kikasha cha mbele ya abiria. Bana mbavu zake, kinashuka, na utaliona. La Fielder yangu, siku nilipoitoa mara ya kwanza, lilikuwa na jani la mti nisioufahamu, limekauka, la umbo la feni. Jani la Japani. Limevuka bahari. Nililibandika ukutani garajini, bado liko.

Sasa uzito, na hapa najisema mwenyewe.

Japani wanapoandika uzito wa jumla wa motokari ndogo kwenye karatasi zake, wanachukua uzito wa motokari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Kilo 55! Fielder ina viti vitano, yaani kilo 275, watu na mizigo. Jumapili iliyopita tulitoka shambani, upande wa Kipushi. Nilikuwa nimeazima mizani ya magunia, nikaona nipime kila kitu, kwa utani. Mimi 84. Mke wangu hakukubali kupanda, tuseme 70. Mama mkwe 65. Watoto watatu pamoja, 90. Shemeji, ndugu wa mke wangu, 103, na alipanda mizani huku ameshika hindi la kuchoma. Magunia mawili ya mahindi, hamsini hamsini. Bidoni ya maji, 20. Jumla kilo 532, karibu mara mbili ya hesabu ya Mjapani, na watu saba kwenye mikanda mitano. Na mimi ndiye fundi ninayewapigia wateja kelele.

Sisemi kwamba kilo ya 276 inavunja chuma. Chuma kina akiba. Lakini angalia kinachofuata. Mgongo unashuka, pua inainuka, na taa nilizozishusha kwa utepe na skrubu zinapanda tena kumulika watu. Amortisere za nyuma, ndugu wa Dar wanaziita shokapu, zinagonga mwisho wake kila shimo. Wengi wanaziba kwa kusukuma vipande vya raba katikati ya springi. Motokari inainuka, inapendeza, lakini springi iliyozuiwa katikati inafanya kazi kwa mikunjo michache iliyobaki, na ndiyo inayokatika. Nimezitoa nyingi zilizokatika pale pale raba inapoishia.

Na pine. Pine iliyobeba kupita kiasi ikiwa na hewa kidogo hujikunja na kujichemsha. Kipimo cha hewa kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa kPa. 220 ni sawa na ile 2.2 ya mashine zetu. Sisi huwa tunajaza kwa teke. Ukinunua pine za okazyo (zilizokwisha kutumika), tafuta ubavuni namba nne ndani ya kijumba kidogo: 3809 ni wiki ya 38 ya mwaka 2009. Meno yanaweza kuwa mazuri na raba imeshakufa. Halafu tafuta kama kuna neno STUDLESS. Hizo ni pine za theluji, zimetoka Japani zikiwa na meno mengi, zinang'aa, na muuzaji anazisifu kwa dhati. Raba yake ni laini kwa makusudi, ishike barafu. Kwenye lami yetu ya mwezi wa 10 inaisha kama kifutio.

Baada ya mizani ile nilibadilisha springi za nyuma, nimeweka mpya zisizo na raba, na nimepunguza hesabu. Magunia yatafuata kwa lori la jirani. Mama mkwe anabaki, huyo hana mjadala. Watoto wanabaki. Jumapili hii tunakwenda tena, na kwa hesabu yangu shemeji atapanda basi.

Bado hajaambiwa. Mke wangu anasema kwa kuwa mizani ilikuwa wazo langu, nimwambie mimi.